Taarifa Siyo Ombi

(Maneno yaliyosemwa na mwenezi wa chama mbele ya wanachama, Maruku)



Tumeulizwa mara nyingi wiki hii: tukitaka kuandamana kwa ajili ya makato ya kahawa, lazima tupewe ruhusa na polisi? Twajibu: hapana. Lazima tutoe taarifa, na taarifa siyo ombi.

Hatukupewa tofauti hiyo kwa hisani. Zamani sheria ya polisi ilitaka kibali. Mchungaji Christopher Mtikila akaishitaki Serikali, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akaamua kwamba kibali hicho chapingana na Katiba, ambayo katika ibara ya 20 yampa mtu uhuru wa kukutana na wenzake. Baadaye sheria ikageuzwa. Sasa yataka barua, saa 48 kabla, yenye kueleza mahali, saa na shabaha.

Lakini tusidanganyane. Mkuu wa polisi bado aweza kuzuia akiona amani itavunjika, na rufani huenda kwa Waziri, si kwa hakimu. Neno la Waziri ndilo la mwisho. Hapo ndipo penye mwiba. Azuiaye ni Serikali, na asikilizaye malalamiko ni Serikali hiyo hiyo. Toka 2016 hata Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama, nje ya kampeni, ilizuiwa, na ibara ya 20 imo Katibani vile vile. Wazee wa Bukoba hawashangai: wanamkumbuka Ali Migeyo, aliyefungwa na Waingereza kwa kusimama mbele ya watu na kupinga amri za migomba.

Wapo vijana wasemao: basi barua ya nini? Tuingie barabarani! Twakataa. Amani si mali ya polisi peke yao. Mama apelekaye ndizi sokoni na mgonjwa aendaye hospitali wana haki ya njia kama sisi. Na kijana atupaye jiwe (wawili watatu twawafahamu, wamekaa kule nyuma) ampa polisi sababu aliyokuwa hana.

Basi barua itapelekwa Jumatano asubuhi kwa maandamano ya Jumamosi. Nakala ziwe mbili, moja irudi na mhuri na saa ya kupokelewa. Tutakwenda watu wanne wanne, kushoto mwa barabara. Tukizuiwa, hatutaondoka nyumbani siku hiyo. Tutadai sababu kwa maandishi, na maandishi hayo tutayapeleka mahakamani Bukoba. Nauli ya mashahidi yachangwa kwa mweka hazina, kuanzia leo.