Itunze Mashine ya Kukatia Majani Kabla Mvua Haijaja

(Maneno ya mazungumzo kwa watunzaji wa viwanja vya shule, makanisa na zahanati, Endebess)



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mashine ya kukatia majani, ile isukumwayo kwa mikono na kuendeshwa kwa petroli. Huenda wengine wakasema ya kuwa hilo ni jambo dogo, na ya kuwa fyekeo latosha. Fyekeo ni chombo chema, nami sina neno juu yake. Lakini shule au zahanati iliyokwisha kutoa fedha nyingi kununua mashine haifai kuiacha ife kwa kutotunzwa. Fedha hizo ni za wazazi na za raia. Tena mashine hiyo hiyo, ikishikwa na mtu asiyeijua, yaweza kumkata vidole kwa nukta moja. Basi nataka myashike mambo mawili: kulinda mali, na kulinda mkono wa mfanya kazi.

Mashine hizi si za jana. Aliyeunda ya kwanza alikuwa Mwingereza, Edwin Budding wa mji wa Stroud, mwaka 1830, nayo ilisukumwa kwa nguvu za mtu tu. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ya Uingereza ilianza kuuza mashine ya petroli. Kisha mwaka 1952 Mervyn Richardson wa Sydney, katika nchi ya Australia, akatengeneza mashine nyepesi yenye kisu kinachozunguka chini yake kama pangaboi. Tangi la mafuta la mashine yake ya majaribio lilikuwa mkebe wa matunda. Mashine nyingi tuzionazo leo ni za namna hiyo. Tena majani yanayofunika viwanja vingi huko Sydney ni yale yale mnayoyakata ninyi hapa, yaitwayo majani ya Kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Mnayajua yalivyo: yanatambaa, yanashikana kama mkeka, na kushika maji. Hayo ni kazi nzito kwa injini yo yote.

Tena kuna jambo la mahali petu. Endebess iko chini ya Mlima Elgon, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini ni kama moto wa jiko: haiwaki pasipo hewa. Kwa kila mita 300 za kupanda mlima, injini ya namna hii hupoteza kama asilimia 3 na nusu ya nguvu zake. Kwa hiyo hapa kwetu imekwisha kupoteza kama sehemu moja katika tano kabla hamjaanza kazi. Ikiwa ilirekebishwa kwa nchi za chini, hupata petroli nyingi kuliko hewa, ikatoa moshi mweusi, na plagi ikajaa masizi. Sasa fikirini vumbi la Januari na Februari, wakati mashamba ya mahindi yanapolimwa. Vumbi hilo likiziba chujio la hewa, mashine iliyokuwa ikihema itakosa pumzi kabisa.

Kwa hiyo anzeni na chujio la hewa. Kama ni la karatasi, likung'uteni polepole. Likiwa jeusi au limechanika, nunueni jingine. Msilioshe kwa petroli. Kama ni la sponji, lifueni kwa sabuni na maji, likauke, kisha litieni matone machache ya oili na kulikamua. Msiendeshe mashine pasipo chujio, hata siku moja, kwa maana vumbi lililoingia ndani husaga pistoni kama mchanga usagavyo meno.

La pili ni oili. Itazameni kila mara kabla ya kuwasha, mashine ikiwa mahali palipo sawa. Kwa injini nyingi za namna hii, mashine mpya hubadilishwa oili baada ya saa 5 za kwanza za kazi, kisha baada ya kila saa 50, au mara moja kila msimu. Imwageni injini ikiwa na joto kidogo, ili uchafu utoke pamoja nayo. Oili namba 30 ndiyo itumiwayo zaidi, lakini kitabu cha mashine yenu ndicho cha kufuata. Injini yenye mahali pake pa oili isichanganyiwe oili katika petroli.

La tatu ni kisu, na hapa nawasihi msikilize sana. Watu husema ajali haina kinga, lakini ajali ya kisu hiki ina kinga, nayo ni waya wa plagi. Kabla ya kutia mkono chini ya mashine, zimeni injini, ngojeni kisu kisimame kabisa, kisha ching'oeni kile kifuniko cha waya juu ya plagi na kukiweka mbali nayo. Maana ukikizungusha kisu kwa mkono, unaizungusha na injini, nayo yaweza kuwaka. Mashine ikiinamishwa, upande wa kabureta na chujio uwe juu, oili isije ikamwagikia chujio.

Kisu kinolewe kwa tupa, ncha zote mbili sawasawa. Kisha kitundikeni kwa tundu lake la katikati juu ya msumari. Upande mmoja ukishuka, huo ndio mzito; upunguzeni kwa tupa mpaka kisu kilale sawa kama mizani. Kisu kisicho sawa hutikisa injini nzima mpaka nati zikalegea. Kilichopinda au kupasuka kisigongwe kwa nyundo, kitupeni. Na wakati wa kukirudisha, nati ikazwe barabara.

Kabla ya kukata, tembeeni kiwanjani na kuokota mawe, waya na magunzi. Kisu cha sentimita 50 kizungukacho mara 3,000 kwa dakika, ncha yake huenda zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Jiwe lililopigwa na kitu kama hicho laweza kutoboa jicho la mtoto aliye mbali. Basi watoto waondoke kwanza, na mwenye mashine avae viatu. Majani yakiwa marefu, yafyekeni kwanza kwa fyekeo. Msikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, wala msikate yenye maji.

Sasa nafikia jambo linaloharibu mashine nyingi kuliko yote. Mvua ikipungua mwisho wa mwaka, majani hayakui sana, na mashine husukumwa stoo pamoja na petroli iliyobaki ndani. Petroli ikikaa miezi, huchacha na kugeuka kama gundi, ikaziba vitundu vidogo vya kabureta, mahali petroli inapochanganyika na hewa. Mvua ya Machi au Aprili ikija, watu huvuta kamba mpaka mikono ikauma, na mashine haiwaki. Hapo huchukuliwa kwa gari mpaka Kitale, nauli ikatolewa, fundi akalipwa, na kumbe dawa yake ilikuwa rahisi: kabla ya kuiweka, iacheni iunguruke mahali penye hewa mpaka petroli yote iishe. Msinunue petroli ya kupita mwezi mmoja. Msiitie injini ikiwa moto, wala msiiweke katika chupa ya soda, kwa maana mtoto atainywa.

Ikiwa mashine imekataa kuwaka, msianze kufungua kila nati. Fuateni njia. Kwanza, je, petroli ni mpya? Pili, fungueni plagi. Ikiwa imelowa, petroli imezidi: ikausheni, ipigeni brashi ya waya, ngojeni kidogo, kisha jaribuni tena. Ikiwa kavu, petroli haifiki: tazameni bomba, kisha kibakuli cha kabureta, mkisafishe. Nafasi ya moto katika plagi iwe kama milimita 0.7 mpaka 0.8. Na injini ikipanda na kushuka kama mtu mwenye homa, kwa kawaida kitundu cha kabureta kina taka. Lakini ikiwa iligonga kisiki na sasa inatetemeka hata kwa kisu kipya, huenda mhimili wake umepinda. Hiyo ni kazi ya fundi, na isiwashwe tena mpaka aione.

Mwisho, chombo cha watu wote huharibika upesi kwa kuwa hakina mwenyewe. Kila shule na zahanati imchague mtu mmoja wa kuitunza mashine, na daftari itundikwe stoo, iandikwe tarehe ya kila oili, kila chujio na kila kisu. Gharama ya daftari, oili na plagi ni ndogo mno kuliko ya injini mpya, na hakuna fedha iwezayo kununua kidole. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi, vumbi likiwa bado barabarani, ili mvua ikishuka kutoka Elgon iwakute mkiwa tayari.