Dekio Linalonuka

Leo tuna dekio, lile la nyuzi za pamba lenye mpini, ambalo katika nyumba nyingi hushinda limetumbukizwa kwenye ndoo nyuma ya mlango wa bafu.

Umepiga deki asubuhi, sakafu imekauka, lakini sebule ina uvundo. Usiilaumu sabuni. Nyuzi za dekio zikilala na unyevu na mabaki ya chakula, bakteria huzaliana humo usiku kucha. Kukicha unawapaka sakafuni, palepale mtoto anapotambaa.

Wengi hapo hukimbilia jiki. Subiri kwanza. Vaa glavu, uchambue nywele zilizojisokota pale juu nyuzi zinapofungwa kwenye mpini. Uchafu mwingi hujificha hapo. Loweka dekio kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, lifikiche, lisuuze mpaka maji yatoke safi. Hatua hii usiiruke, maana jiki ikikuta uchafu huishiwa nguvu kwenye uchafu huo, na bakteria wanasalimika.

Sasa tia jiki nusu kikombe cha chai kwenye lita 5 za maji ya baridi, kwani ya moto huipunguza makali. Loweka dakika 15, suuza. Na hapa nakusihi sana: jiki usiichanganye kamwe na siki, wala na dawa ya choo yenye tindikali. Hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na katika bafu lenye kidirisha kimoja yaweza kuua mtu. Dekio la maikrofaiba, hilo lifue kwa sabuni tu, bila jiki.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kulikausha, na ndiyo tunayoipuuza. Likamue kwa nguvu, likung'ute nyuzi ziachane, ulitundike juani kwenye msumari, nyuzi zikining'inia bila kugusa ukuta wala ardhi. Wakati wa masika, jua likiadimika, litundike barazani panapopita upepo. Ukiweza, kuwa na mawili, moja likauke huku jingine likitumika.

La choo liwe la choo tu. Lifunge kitambaa chekundu kwenye mpini, ili hata ndugu aliyekuja kukusaidia kazi asije akalichukua kudekia jikoni.