Maneno Kumi na Mawili: Ukiyapoteza, Nani Atakufungulia?



Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu. Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na kumtakia rehema Mtume wetu (S.A.W.), nimeombwa nizungumze juu ya sarafu za kidijitali: namna ya kuzihifadhi na namna ya kuzirejesha zikipotea. Najua wengine mtashangaa, huyu kijana ametoka wapi na Bitcoin katika mwezi wa Ramadhani? Nivumilieni kidogo.

Kwanza, sikuja kutoa fatwa. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu tu, na wanazuoni wenyewe wamekhitilafiana. Dar al-Ifta ya Misri ilizikataza mwanzoni mwa 2018. Baraza la Ulamaa la Indonesia mwaka 2021 liliharamisha kuzitumia kama fedha. Na wako wanazuoni wengine wanaoona kuwa ni mali kama mali nyingine, kwa masharti. Swali hilo mpelekee sheikh wako. Lakini tusijifiche, wengi wenu mnazo tayari. Kuna waliolipwa kwazo kwa kazi za mtandaoni. Kuna waliotumiwa na ndugu walioko Ghuba. Kuna waliopanga foleni pale KICC, Nairobi, mwaka 2023, wakapigwa picha za macho na Worldcoin wakapewa sarafu zao. Hao wote wanamiliki kitu, na ukiwauliza ufunguo wake uko wapi, wengi watakuonyesha simu.

Simu sio ufunguo. Hebu tulielewe hili vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapoangukia.

Chukua mfano wa M-Pesa, ambayo tumeizoea tangu 2007. Simu ikiibiwa pale Marikiti, unaenda dukani na kitambulisho, unapewa laini mpya, na pesa zako zipo vile vile. Zilikuwa kwenye vitabu vya kampuni, na kampuni inakujua kuwa wewe ni fulani bin fulani. Bitcoin nayo haimo ndani ya simu. Imeandikwa kwenye daftari la wazi ambalo nakala zake ziko katika maelfu ya kompyuta duniani, na daftari hilo linaandikwa tangu Januari 2009. Lakini daftari halimjui fulani bin fulani. Linajua ufunguo tu. Mwenye ufunguo ndiye mwenye mali, awe wewe, awe mwizi, awe mtoto aliyeokota karatasi jalalani. Na asiye na ufunguo, hata alete kitambulisho, mashahidi na barua ya chifu, hakuna dirisha la kuipelekea barua hiyo.

Huo ufunguo wenyewe ni namba ndefu sana, hakuna binadamu wa kuihifadhi kichwani. Ndiyo maana mwaka 2013 wataalamu walitengeneza utaratibu wa kuigeuza namba kuwa maneno ya kawaida. Kuna orodha ya maneno 2,048. Pochi yako inapozaliwa, programu inakuchagulia humo maneno 12, au 24, kwa mpangilio maalumu, na kutokana na hayo zinatoka funguo zako zote. Orodha ziko kwa Kiingereza, Kihispania, Kijapani na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili bado hakimo (kazi hiyo ipo, wanafunzi wenzangu wa lugha na kompyuta!). Ule wa Kiingereza umepangwa kwa akili: herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno lolote. Hata hivyo liandike neno zima. Neno act na neno actor yote yamo humo, na mwandiko wa haraka haraka utakuletea balaa.

Sasa watu huchanganya maneno haya na nywila au PIN. PIN inafungua programu iliyo kwenye simu ile tu. Ukiisahau PIN lakini maneno unayo, huna hasara: unaweka programu upya, unaandika maneno, mali inarudi. Ukiijua PIN lakini maneno huna, na simu ikaingia baharini, basi umekwisha. Mungu atuepushe.

Na haya si maneno ya kutishana. Kule Newport, Wales, yuko mtu anaitwa James Howells. Mwaka 2013 diski yake ya kompyuta, yenye funguo za Bitcoin takriban 8,000, ilitupwa jaani kwa makosa. Amehangaika zaidi ya miaka kumi akiliomba baraza la mji lichimbue taka, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ikaitupilia mbali kesi yake. Mwingine ni Stefan Thomas, mhandisi anayeishi Marekani. Mwaka 2011 alilipwa Bitcoin kwa kutengeneza video, na funguo za Bitcoin 7,002 akaziweka ndani ya kifaa kinachoruhusu majaribio kumi tu ya nywila. Karatasi aliyoandika nywila ikapotea. Dunia ilipoisikia habari yake Januari 2021 alikuwa ameshajaribu mara nane. Hawa si wajinga, ndugu zangu. Ni wataalamu, tena wa mwanzo mwanzo kabisa. Kilichowaponza ni nakala moja.

Wengine watasema: mimi nimeziacha kwa kampuni ya kubadilishia sarafu, sina haja ya maneno. Sawa, lakini hapo ufunguo uko kwa kampuni na wewe una ahadi tu. Mt. Gox ya Tokyo ilianguka Februari 2014 na Bitcoin za watu mamia ya maelfu. FTX ikafuata Novemba 2022. Hapa kwetu Rais alitia sahihi sheria ya kusimamia makampuni haya Oktoba 2025, na hilo ni jema. Lakini sheria haiwezi kukukumbusha maneno yako.

Basi tuyahifadhije? La kwanza, usiyapige picha. Wallahi hili nalisema kila mara na kila mara mtu ananionyesha picha kwenye galari ya simu. Februari 2025 wachunguzi wa Kaspersky walitangaza kuwa wamegundua programu, nyingine zikiwa kwenye maduka rasmi ya Google na Apple, zilizokuwa na kijidudu cha kusoma picha zilizohifadhiwa kwenye simu kikitafuta maneno hayo hayo. Usijitumie kwa WhatsApp wala kwa barua pepe. Andika kwa mkono, kwenye karatasi, ukiwa peke yako. Weka namba mbele ya kila neno, moja hadi kumi na mbili, kwa sababu mpangilio ukiharibika pochi haifunguki. Pembeni andika jina la programu na tarehe. Hili la jina wengi hulipuuza, kumbe programu hazifanani. Electrum, kwa mfano, ina utaratibu wake wa maneno, na ukiyapeleka kwenye programu nyingine yanaweza kukataliwa.

Karatasi moja haitoshi. Tunaishi pwani, tunaijua hewa ya chumvi, tunawajua mchwa, tunajua makuti yakishika moto inakuwaje. Weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Mwenye uwezo na agonge maneno kwenye bati la chuma kisichoshika kutu, kile cha kutengenezea sufuria nzuri. Chuma hicho huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 1,300, wakati aluminiamu inayeyuka kwenye 660 tu. Nyundo na mihuri ya herufi unaipata kwa mafundi wa jua kali. Lakini nunua vifaa ukagonge mwenyewe nyumbani. Usimpe fundi kazi ya kukugongea, maana hapo utakuwa umemkabidhi mali yote!

Kuna wanaoikata karatasi vipande viwili, maneno sita kwa kaka na sita kwa dada. Inaonekana busara, lakini kipande kimoja kikipotea mali yote imepotea, na mwenye kipande amepunguziwa kazi ya kubahatisha. Iko njia ya kitaalamu, inayotokana na hesabu za Adi Shamir za mwaka 1979. Siri inagawanywa sehemu tatu, kwa mfano, na sehemu mbili zozote zinatosha kuifungua, lakini moja peke yake haisemi kitu. Watengenezaji wa kifaa cha Trezor waliiingiza kwenye vifaa vyao mwaka 2019. Kwa mali kubwa ni njia nzuri. Kwa mwanafunzi mwenye elfu tano, karatasi mbili zinatosha.

Halafu jaribu. Weka sarafu za shilingi mia tano, futa programu kabisa, irejeshe kwa karatasi yako. Zikirudi, sasa ongeza. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni dhana tu.

Tuseme limeshatokea, umepoteza. Usikate tamaa mapema, lakini pia usikimbie ovyo. Ikiwa ni kompyuta au simu ya zamani, usiifute, usiweke mfumo mpya, usimpe mtu akuwekee filamu. Iache kama ilivyo mpaka diski inakiliwe yote. Ikiwa umerejesha pochi ukaona sifuri, tulia. Mara nyingi programu mpya inatazama njia tofauti ya kutoa anwani, au aina ile ya sarafu haionyeshwi mpaka uiongeze, au mwanzoni uliweka neno la ziada juu ya yale kumi na mawili. Neno hilo la ziada lina hatari yake: ukilikosea hata herufi, programu haikwambii umekosea. Inakufungulia pochi nyingine, tupu, kana kwamba mambo yote ni sawa.

Ikiwa neno moja limefutika na unajua lilikuwa la ngapi, hesabu iko upande wako. Maneno yanayowezekana ni 2,048, na kwa kuwa maneno 12 yana alama ya uhakiki ndani yake, yanayobaki kukubalika ni kama 128. Kompyuta inayajaribu kwa dakika chache. Mawili yakifutika, yanabaki kama 262,000, bado inawezekana. Hata mpangilio ukichanganyika, maneno 12 yanapangika kwa namna 479,001,600, na kompyuta inaweza. Programu za kazi hii zipo bure, mojawapo ni BTCRecover, na mtu mwaminifu huiendesha kwenye kompyuta iliyokatwa intaneti. Lakini yakipotea sita, usimruhusu mtu akudanganye.

Na watakudanganya! Ukiandika tu mtandaoni kuwa umepoteza pochi, watakujia kumi kwa WhatsApp na Telegram, wataalamu wa kurejesha, na kila mmoja anataka ada kwanza au anataka umpe maneno. Ni wezi. Ni kweli wapo mafundi wa haki. Joe Grand wa Marekani na mwenzake walimfungulia mtu wa Ulaya pochi ya Bitcoin 43.6, habari ikatoka mwaka 2024. Lakini waliweza kwa sababu programu iliyotunga nywila ile mwaka 2013 ilikuwa na kasoro, ikifuata saa ya kompyuta. Hawakuvunja Bitcoin.

Swali linaloulizwa sana mwezi huu: je, nitoe zaka kwa pochi nisiyoweza kuifungua? Mafaqihi wa zamani walilijua jambo hili, wakiliita mali dhimari, mali unayoimiliki lakini huifikii, kama iliyopotea au iliyoporwa. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi'i ni kuwa zaka inawajibika lakini haitolewi mpaka mali irudi, kisha inatolewa ya miaka iliyopita. Mahanafi wanasema haina zaka kwa miaka hiyo. Malik alisema ya mwaka mmoja. Tofauti inaweza kuwa fedha nyingi, kwa hiyo muulize mwalimu wako na umweleze hali yako kamili.

Nimebakisha lililonileta hapa, nalo ni mauti.

Chukulia kijana wetu yuko Doha, anajenga akiba miaka sita katika pochi yake, na ajali ikamchukua. Fedha za benki familia itazipata. Hata zikisahaulika, Kenya ina mamlaka ya mali zisizodaiwa, na warithi wanaweza kuzifuata huko. Kadhi ataketi, deni litalipwa, wasia utatekelezwa usiozidi thuluthi, kisha mama, baba, mke na watoto wapewe mafungu waliyopangiwa katika Suratun Nisaa. Lakini sarafu zile, kadhi hana amri nazo. Mjane atazionyeshwa kwenye daftari la wazi, atazihesabu, na hataweza kuchukua hata ya mkate. Na kama marehemu alikuwa na deni, deni lile litabaki shingoni mwake huku mali ya kulilipa ikionekana kwa macho.

Kwa hiyo andika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Katika wasia wako usiyaweke maneno yenyewe, kwa kuwa wasia unasomwa na mashahidi na watu wa mahakama. Andika kwamba mali ipo, ni ya aina gani, nakala iko nyumba gani, na nani anayeaminika wa kumsaidia mama yako asiyewahi kuigusa kompyuta. Mwandikie barua ya Kiswahili, hatua kwa hatua, na ndani yake sema wazi: mtu yeyote atakayepiga simu kuomba maneno haya, mkatie.

Siku ya Idd, mkishakula, mkalishe yule uliyemchagua. Mpe simu ya zamani na karatasi ya ile pochi ya shilingi mia tano, umwache airejeshe mwenyewe bila wewe kumshika mkono. Pale atakapokwama, ndipo barua yako inapohitaji kuandikwa upya.