Mkoba wa Huduma ya Kwanza wa Polisi Uwe na Kiwango Kimoja



Ajali ya bodaboda ikitokea usiku, mara nyingi polisi hufika kabla ya ambulansi. Aliyekatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kufariki kwa dakika chache, hata hospitali ikiwa karibu. Uhai wake unategemea kilichomo mkobani mwa afisa huyo.

Sheria imeshasema. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linawataka maafisa waliopo watoe msaada wa matibabu mara moja mtu anapojeruhiwa kwa nguvu iliyotumiwa na polisi. Kutofanya hivyo bila sababu nzuri ni kosa la jinai. Lakini wajibu bila vifaa ni mzigo tu, na vifaa bila kiwango havikaguliki.

Kiwango kinajibu maswali manne.

Kwanza, ndani mna nini? Mkanda wa kukaza mguu au mkono unaovuja damu, bandeji ya kubana, shashi ya kujaza jeraha, kibandiko cha kuziba tundu la kifuani, glavu, mkasi na kalamu. Dawa za maumivu si za mkoba huu.

Pili, unakaa wapi? Mahali pamoja kwa kila afisa, panapofikiwa kwa mkono wowote. Afisa akijeruhiwa, mwenzake asipoteze muda kuutafuta.

Tatu, nani amefunzwa? Mkanda hufungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si kwenye goti wala kiwiko. Hukazwa hadi damu ikome, kisha saa huandikwa. Kuulegeza ni kazi ya hospitali.

Nne, nani anakagua? Kilichotumika kirudishwe siku hiyo hiyo, na kilichopitwa na muda kiondolewe.

Nchini Marekani, baada ya shambulio la shule ya Sandy Hook mwaka 2012, madaktari wa upasuaji na wakuu wa usalama walikubaliana mwaka 2013 kwamba kuzuia damu ni kazi ya polisi pia, si ya wahudumu wa afya peke yao.

Hapa kwetu, polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, lakini hospitali za kaunti na ambulansi ni jukumu la kaunti. Hivyo kuweka kiwango na kununua mikoba ni kazi ya huko. Wakufunzi wanaweza kutoka hospitali zetu.

Mwananchi naye asingoje mkoba. Apige 999 au 112, akandamize jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala asikifunue kuchungulia mpaka msaada ufike.