Walimu wa Chuo Kikuu Wapate Saa ya Kukaa Pamoja

Maneno tuliyoyasema mbele ya walimu wa vyuo vikuu, Bukavu, Kivu ya Kusini



Kazi ya shirika letu ni kusuluhisha ugomvi wa mashamba vijijini. Leo tunawaletea lawama ya mzee mmoja wa Kabare. Katika mwaka mmoja alipokea wageni watatu wa chuo kimoja: mwanasheria, mtaalamu wa kilimo na mwalimu wa historia. Kila mmoja alikuja na karatasi yake ya maulizo juu ya shamba lilelile. Mzee akatuuliza: “Hawa watu hawajuani?” Tuliona haya, maana wawili kati yao tuliwatuma sisi.

Ugomvi ule haukuwa wa kueleweka na mtu mmoja. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema ardhi ni mali ya Serikali, na haki za desturi zitapangwa kwa ordonansi ya Rais. Miaka mingi ikapita bila ordonansi hiyo kutoka. Mwanasheria aliliona pengo hilo. Lakini nani alipokea ng'ombe wa kalinzi, na mbele ya mashahidi gani, alijua mwalimu wa historia. Kwamba mvua ilikuwa imekula mpaka wa shamba, aliona mtu wa kilimo. Ripoti tatu zikalala katika makabati matatu. Msimu uliofuata, kijana wa familia moja alikatwa panga mkononi.

Tunajua ninyi si wavivu. Mwalimu anafundisha Bukavu juma hili na Uvira juma lijalo, kwa sababu mshahara hautoshi. Mwaka 2025 mabenki ya Goma na Bukavu yalipofungwa, mbio hizo zilizidi. Nasi tulikosea: tuliwaita katika semina za hoteli na kuwalipa pesa ya usafiri. Pesa ilipokwisha, watu nao wakaisha.

Kilichosaidia ni kidogo sana. Mkuu wa kitivo kimoja aliondoa masomo yote ya Jumatano, saa nane mpaka saa kumi, na ratiba ikabandikwa mlangoni. Walimu wanasoma faili moja tu ya ugomvi. Asistenti anasema kwanza, profesa baadaye. (Hapo palikuwa na manung'uniko, hatukulegea.) Sambaza za kukaanga tunanunua sisi.

Tena, mpango wa LMD ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022 unaunganisha masomo kadhaa kuwa kitengo kimoja. Walimu wa kitengo watapatana wapi, kama hawana saa ya kuonana? Kwa hiyo msihesabu saa hizo kuwa msaada kwa shirika letu. Ni sehemu ya kufundisha kwenu.

Ombi letu ni hili: kabla ratiba ya muhula haijabandikwa, kila kitivo kitoe saa mbili kwa juma. Faili ya Kabare tumekuja nayo, iko hapa mezani.