Mwaka wa Kufungiwa Leseni: Kile Daktari Atakachokitafuta Kabla Dereva Hajarudi Barabarani

Mazungumzo ya afya na usalama barabarani kwa wakazi wa Meru na Embu



Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba anayeendesha gari akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa jela muda usiozidi miaka 10, au yote mawili. Faini ndiyo inayozungumzwa sokoni. Kinachosahaulika ni kwamba aliyepatikana na hatia hunyang'anywa ruhusa ya kuendesha kwa miezi 12 tangu siku ya hukumu, isipokuwa mahakama ione sababu maalumu, na hakimu ana uwezo wa kuuongeza muda huo. Aliyesababisha kifo kwa uendeshaji wake, chini ya kifungu cha 46, hukaa nje miaka 3.

Wapo wanaosema mambo haya yaliisha Februari 2017, Mahakama ya Rufaa ilipokosoa namna kanuni za kipima pumzi za 2011, zile za Alcoblow, zilivyokuwa zikitumiwa kuwashtaki madereva. Kilichoguswa ni kanuni za kifaa. Kosa la kifungu cha 44 halikufutwa, na hakuna dereva anayepaswa kupanga safari yake kwa uvumi wa stendi.

Sasa, miezi 12 imekwisha. Dereva anataka leseni yake. Sheria inamtaka anayeomba leseni atangaze hali ya afya yake na magonjwa yanayoweza kumfanya awe hatari barabarani, na wa magari ya abiria huombwa pia ripoti ya daktari. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Huichukulia ile miezi 12 kama foleni ya kungoja, wakaendelea na kinywaji chao kama kawaida, kisha wiki ya mwisho wakaacha ghafla siku tatu ili wakaonekane safi mbele ya daktari. Daktari hapimi siku tatu hizo. Anaupima mwaka mzima, na mwili humwambia mengi.

Tuseme ni dereva wa pikapu anayeteremsha miraa kutoka Maua kwenda Nairobi kupitia Meru, Nkubu, Chuka, Runyenjes na Embu. Barabara hiyo kila mtu hapa anaijua: miteremko ya Nithi na Thuci, kona zinazofuatana, ukungu wa alfajiri upande wa mlima. Akiingia chumba cha daktari, swali la kwanza ni jepesi.

"Mzee, mara ya mwisho ulikunywa lini?"

"Daktari, mimi hunywa kidogo tu."

Kidogo si kipimo. Daktari atauliza chupa ngapi, siku ngapi kwa wiki, kama kuna asubuhi anayohitaji kimoja cha kutuliza mikono, kama kuna usiku asioukumbuka, kama mke au ndugu amewahi kumwomba apunguze. Orodha ya maswali ya namna hii, iliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani, inaitwa AUDIT. Ina maswali 10 na alama za juu kabisa ni 40. Alama 8 kwenda juu ni dalili kwamba unywaji umeanza kuwa hatari. 20 kwenda juu humfanya daktari ashuku kwamba mtu ameshakuwa mraibu. Mtu anaweza kudanganya katika maswali, naam. Ndiyo sababu kuna vipimo vingine.

Mikono hutazamwa kama inatetemeka. Macho hupimwa, na hapa Embu jambo hili lina historia chungu. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu wengi katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi, na baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kuona. Methanoli huharibu mshipa unaounganisha jicho na ubongo, na uharibifu huo mara nyingi haurudi nyuma. Dereva aliyewahi kunywa kitu asichokijua na kuona ukungu machoni siku iliyofuata, hata kama ulipita, amwambie daktari.

Shinikizo la damu hupimwa pia, na hapa dereva wetu wa pikapu anaweza kushangaa. Ameacha pombe kweli, miezi minne sasa, lakini shinikizo liko juu. Sababu yaweza kuwa kwenye mfuko wa shati. Wengi walikuwa wakitafuna miraa au muguka ili wasisinzie, halafu wakinywa ili kushusha handasi walale. Pombe ikiondoka, mtu huongeza majani. Miraa husukuma moyo na kupandisha shinikizo, na hunyima usingizi, na dereva asiyelala ni hatari hata kama pumzi yake haina harufu yoyote. Hakuna anayemwomba mkulima wa Igembe au Mbeere ang'oe miti yake kwa sababu ya maneno haya. Ila daktari akiuliza kuhusu miraa, ajibiwe ukweli kama ilivyo kwa pombe.

Kisha damu. Kipimo kiitwacho GGT huangalia kimeng'enya cha ini ambacho hupanda kwa wanywaji wazito na huchukua wiki kadhaa za kuacha kabla ya kushuka. Kingine, CDT, huonyesha kama mtu amekuwa akinywa sana katika wiki chache zilizotangulia. Nchini Uingereza, dereva aliyerudia kosa au aliyekamatwa akiwa amezidisha kiwango mno hachukui tena leseni bila kupimwa na daktari, na CDT ni sehemu ya uchunguzi huo. Siku tatu za kuacha hazifichi chochote katika vipimo hivi. Lakini pia jibu moja baya si hukumu: GGT inaweza kupanda kwa unene, kisukari, ugonjwa mwingine wa ini, au baadhi ya dawa kama zile za kifafa. Kwa hiyo mgonjwa aende na dawa zake zote mkononi, na daktari makini hurudia kipimo kabla ya kuandika neno.

Kuna hatari nyingine katika zile siku tatu, kubwa kuliko kushindwa mtihani. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla, mwili unaweza kumgeuka. Hutokwa jasho, hutetemeka, hakosi wasiwasi. Kati ya saa 6 na 48 baada ya chupa ya mwisho anaweza kupatwa na degedege. Siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona vitu visivyokuwepo, homa ikapanda, na hali hiyo huua isipotibiwa. Jamaa wengi hudhani amerogwa au ni malaria. Humfungia chumbani. Hapana: apelekwe hospitali mara moja. Kuna dawa za kumtuliza kwa siku chache, na vitamini B1 hutolewa mapema kuulinda ubongo. Mnywaji mzito anayetaka kuacha aanze kwa kumwona afisa wa kliniki au daktari, asijifungie nyumbani na sala peke yake. Na aliyepatwa na degedege ana jambo jipya la kutangaza anapoomba leseni, jambo ambalo lingeweza kuepukwa.

Hesabu ya chupa nayo ifahamike vizuri, maana wengi waliofungiwa leseni hawakukamatwa usiku, walikamatwa asubuhi. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 8 hadi 10 kwa saa. Aliyeanza saa mbili usiku akamaliza chupa sita ana gramu 120 za kuondoa, na kazi hiyo haimaliziki kabla ya saa mbili asubuhi. Kwa wengine hufika saa tano. Yeye amewasha gari saa kumi alfajiri akijiona amelala vya kutosha. Kahawa haisaidii, kuoga maji baridi hakusaidii, na miraa ndiyo mbaya zaidi kwa sababu humfanya ajisikie macho huku mikono na akili bado vimelewa.

Kuhusu cheti cha kununua. Kinapatikana, kila stendi ina mtu anayemjua mtu. Mbali na kwamba kutumia hati ya kughushi ni kosa la jinai, mnunuzi analipia kutopimwa. Ini lake, macho yake na shinikizo lake vinabaki vilevile, na abiria 14 wanapanda nyuma yake wakiamini muhuri. Na leseni iliyotafutwa kabla muda wa marufuku kwisha haina nguvu, hata ikiwa imetoka kwenye mfumo.

Habari ya mgonjwa ni siri yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka afya katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo anayekwenda kutibiwa uraibu hapaswi kuogopa kwamba mwajiri au chifu atasoma faili lake. Sheria ya Afya ya Akili nayo inautambua uraibu wa pombe kama ugonjwa unaostahili matibabu.

Njia ya busara kwa aliyefungiwa leo ni kuanza mwezi wa kwanza, si wa kumi na mbili. Aende hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, au kituo cha afya kilicho karibu, apimwe shinikizo, sukari na ini, majibu yaandikwe. Arudi baada ya miezi mitatu, tena baada ya sita. Siku ya kuomba leseni anaingia na karatasi zinazoonyesha vipimo vikishuka, na hizo humsaidia daktari kuliko ahadi yoyote. Maombi yenyewe hupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen, na asiyeweza simu husaidiwa katika Huduma Centre za Meru mjini na Embu mjini. Anayetaka kuzungumza na mtu kuhusu pombe bila kujulikana apige 1192, nambari ya NACADA, bila malipo. Mke, mama au kaka anaweza kupiga pia kwa niaba yake, hata kabla mwenyewe hajakubali kwamba ana tatizo.