Simu Inayoita Wodini

Ni tarehe 18 ya mwezi. Mhasibu amelazwa, na simu yake anayo mkewe. Inaita. Ni mwenye duka la vipuri Kariakoo. "Pole na mgonjwa, shemeji. Samahani, ile ritani yangu ya VAT imefikia wapi? Mwisho ni keshokutwa." Mama wa watu hajui nywila, hajui faili liko kabati gani. Anachojua ni saa za dawa.

Msikilizaji, mhasibu ndiye anayetuhimiza kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Je, ofisi yake mwenyewe ina daftari la siku atakapougua?

TRA, mamlaka ya mapato, haina kalenda ya wagonjwa. PAYE, kodi ya mishahara, ni kufikia tarehe 7, VAT tarehe 20, na kampuni inayofunga mahesabu Desemba 31 hupeleka ritani ya mwaka kufikia Juni 30. Ukichelewa, adhabu inamwangukia mteja.

Familia nayo hudhani ofisi itarithiwa kama nyumba. Viti na kompyuta, sawa. Lakini usajili wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ni wa mtu mwenyewe. Mtoto asiye na CPA hawezi kusaini ripoti ya ukaguzi kwa sababu tu ni mtoto wa marehemu. Vitabu na risiti ni vya wateja. Na hati ya uwakilishi ambayo mgonjwa amempa kaka yake? Kwa kawaida hukoma mgonjwa anapopoteza akili timamu, yaani siku ile ile inapohitajika kuliko zote.

Kwa hiyo ninawasihi wahasibu wetu: andikeni makubaliano mkiwa wazima, na mwenzenu aliyesajiliwa. Yaseme nani atashika kazi ndani ya wiki ya kwanza, nani atalipa mishahara ya vijana wa ofisini, na kwamba hakuna faili litakalohama bila idhini ya mteja. Kama mwenzenu huyo atainunua ofisi, bei pia iandikwe. Njia ya haki ni mnunuzi kulipa sehemu mwanzoni, na iliyobaki kadiri ada za wateja waliobaki zinavyoingia, kwa mwaka mmoja au miwili. Ukingoja hadi huwezi kuinuka, wateja watakuwa wameshatafuta pengine, na mkeo atauza kabati tupu.

Na wewe uliye kitandani tayari, kama akili yako ni timamu, hujachelewa. Mwite mwenzako na mwanasheria. Wateja wapelekewe barua yenye saini yako, wasikie kwako mwenyewe nani unamwamini.

Simu ikiita tena wodini, mama yule ajibu kwa utulivu: "Ahsante, shemeji. Chukua namba hii ya mwenzake, kazi yako iko kwake." Kisha aizime, amshike mumewe mkono.